Kijumba cha Kabatini na Kijumba cha Chini

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Nashukuru. Mkuu wetu akasimama, akasema nimelitumikia taifa kwa kutengeneza zana za kufundishia, watu wakapiga makofi, soda zikafunguliwa. Sikumkatiza, maana alikuwa amejiandaa. Lakini ukweli, wanangu mliobaki karakanani, ni kwamba nimelipwa maisha yangu yote kucheza na vijumba, na ofisi haijashtuka mpaka leo.

Mkaniomba niandike ya kazini, ili wageni wajifunze. Sijui watajifunza nini. Mimi niliishia darasa la saba. Nina tabia ya kuandika ya kila siku, ndiyo, lakini nikiyasoma ya zamani nashindwa kujua kama mambo yalitokea hivyo au niliyaandika hivyo kwa sababu siku hiyo kalamu ilikuwa inakwenda vizuri. Kwa hiyo nikikosea, aliyekuwepo anisahihishe. Na nitakayemtaja kwa ubaya, mjue naye ana upande wake, ila hajapewa saa ya ukutani akaombwa aandike.

Nilianza kupenda vitu vidogo kwa sababu ya kitabu. Kilikuwa kwenye kabati la shule yetu, hakina jalada, hakina mwanzo wala mwisho. Panya walikuwa wamekisoma kabla yetu na, kwa uaminifu wao, walikuwa wamekila kile walichokielewa. Jina lake silijui hadi leo. Humo mlikuwa na mtoto wa kike mwenye nyumba ya mwanasesere. Ukuta wa mbele ulifunguka kama mlango wa kabati, na ndani mna vyumba, vitanda, sahani zinazolingana na ukucha wa kidole gumba. Nilikisoma mpaka mwalimu akakificha.

Picha zake zilinipa shida. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na ngazi, na mimi nyumba zote nilizozijua zilikuwa za chini. Nikafikiri sana, nikapata jibu: ngazi ni ya kupandia paani kuanika mtama. Sebuleni tena kulikuwa na moto unawaka ndani ya ukuta. Nikawahurumia. Watu wana vikombe vyenye maua lakini jiko hawana, wanapika mbele ya wageni.

Basi nikajenga cha kwangu. Maboksi ya viberiti, udongo, vijiti vya mabua, na ngazi ya kwenda kwenye mtama. Nikakiweka uani, chini, karibu na mlango, mahali ambapo kila mtu angekiona. Mama akarudi na kuni kichwani, akakiona. Akasimama. Hakutua hata mzigo.

"Nani amekufa?" akauliza.

Msomaji wa mbali hataelewa, kwa hiyo naeleza. Kwetu Unyamwezini kijumba kidogo kilichokaa chini uani si cha kuchezea. Wazee waliwajengea marehemu wao vijumba vya namna hiyo, wakaweka humo kigoda kidogo, chungu kidogo, unga kidogo, ili mizimu ikija isikae juani kama wadai. Sisi tulikuwa Wakristo, na baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, maana yake mambo hayo alikuwa ameyaacha mchana. Mama akatua kuni, akakichukua kijumba changu kwa mikono miwili kama mtu anayehamisha kuku aliyelalia mayai, akaingia nacho ndani, akakiweka juu ya kabati la vyombo. Akarudi nyuma, akakitazama.

"Hapo sawa," akasema. "Sasa ni cha mwanasesere."

Udongo uleule, viberiti vilevile. Nilikuwa mtoto, sikuuliza.

Karakanani niliingia kwa ufagio. Mnaoona leo jina langu limeandikwa kwenye ubao wa mafundi msidhani lilianzia hapo. Niliajiriwa kufagia takataka za mbao. Siku ya kwanza nikamkuta Fundi Maganga ameinama mezani, amejaa vumbi la mninga mpaka kwenye kope. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa, akaniuliza kama najua kufagia. Nikasema najua, tena sana. Akasema, vizuri, basi hapa mezani usifagie. Nikadhani ni mchafu. Baadaye nikaelewa kwamba takataka zote nilizokuwa natupa nje kwa bidii ndizo zilikuwa madirisha yake, milango yake na viti vyake. Kwa wiki yangu ya kwanza nilitupa mtaa mzima.

Hakunifukuza. Sijui kwa nini. Nadhani alikuwa amechoka kueleza mambo kwa vijana wenye vyeti, akaona afadhali amweleze mtu asiye na cha kumpinga nacho. Sitaki kusema vijana wale walikuwa wabaya. Walikuwa wazuri, na wengi sasa ni wakubwa wenu. Walinipa jina, Bi Viberiti, na wakilitamka walicheka kwa adabu.

Maganga alifundisha kwa kukaa kimya. Ukikosea, anakaa kimya kwa namna nyingine. Maneno yake machache nimeyashika. Alisema, nyumba kubwa ikipinda watu husema ardhi, nyumba ndogo ikipinda watu husema fundi. Alisema tena usinakili nyumba kutoka kwenye picha, kwa sababu picha haina mgongo. Nenda ukaizunguke. Hili la pili ndilo lililonipeleka Kaliua na kunitia katika matatizo, kwa hiyo mnaweza kumlaumu marehemu kama mnataka. Mimi nimeshindwa.

Nisiruke vifaa, maana najua mnavyonunua vya dukani vinavyovunjika kabla ya chai ya saa nne. Patasi nzuri ya kazi ndogo hutengenezwa kwa spoku ya baiskeli. Unaipasha moto, unaigonga iwe bapa, unainoa kwenye jiwe, unaipa mpini wa mninga. Tabora yetu hii ina baiskeli nyingi kuliko watu wenye haraka, spoku hazitakosekana. Udongo wa kuta uchukue kwenye kichuguu, siyo bustanini kwa Mkuu. Mchwa wameshausaga bila kudai posho. Uchuje kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Nyasi za paa toa kwenye ufagio wa zamani, mpya zina kiburi, hazilali. Milango tumia mninga, kwa sababu mninga hauna tabia ya kubadilisha mawazo mvua ikinyesha.

Kazi ngumu zilikuwa nyingi, na ugumu wake mara nyingi haukuwa wa mkono. Kuna wakati tuliagizwa kutengeneza nyumba bora kwa ajili ya somo la afya. Sebule, vyumba viwili, jiko lenye dirisha, choo, shimo la taka. Tukaitengeneza. Ilikuwa nzuri, mimi mwenyewe nilitamani kuhamia. Akaja bwana mmoja mkaguzi, akainama, akachungulia, akasema kuna kosa: watu wako wapi? Tukachonga watu. Akaja mwingine, akasema watu ni wengi mno kwa vyumba viwili, hiyo si nyumba bora. Tukamwondoa bibi. Nilimweka bibi yule dirishani kwangu, na ninamwomba radhi mpaka leo.

Na kuna msafara wa wapagazi. Hiyo mnaijua, ile zana ya historia: wapagazi wamebeba pembe na marobota, njia inatoka pwani, inafika Tabora, inaendelea Ujiji. Maganga alichonga kila mmoja na uso wake. Ofisi ikarudisha, ikasema nyuso zinatia huzuni, watoto watafadhaika, wapagazi watabasamu kidogo. Maganga akakaa kimya siku nzima, kimya cha namna nyingine. Kisha akachukua patasi, akamwekea tabasamu mtu wa mwisho tu, aliyebaki nyuma ya wote. Ofisi ikauliza huyo anacheka nini. Akasema, "Ametua mzigo, wale wa mbele hawajajua." Wakapokea. Sijui hadi leo kama ofisi ilielewa au iliona tu kuna meno ya kutosha.

Sasa tembe. Shule zikaomba tembe, nyumba ya zamani ya udongo yenye paa la bapa, ya mraba, na uwanja katikati. Wengine watasema tembe ni ya Wagogo, na mimi sina ugomvi na Wagogo. Ofisini kulikuwa na picha. Lakini picha haina mgongo. Nikaomba ruhusa, nikapanda treni, nikashuka Kaliua, nikapanda bodaboda mpaka kijiji kimoja ambacho jina lake nitalihifadhi, kwa sababu kulikuwa na tembe moja bado imesimama, na mwenyewe bado yumo.

Mwenyewe alikuwa Bibi Nyamizi, mjane. Alinikuta naweka kamba ukutani. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama, akaitazama kamba.

"Unapima jeneza?" akauliza. "Nyumba yangu haijafa bado."

Nikamweleza. Watoto wa shule, zana, historia. Akasema kumbe yeye ni historia, hakuna aliyemwambia. Kisha akanishika mkono akanizungusha, akanionyesha nguzo ambayo mumewe aliikata mwenyewe, na mahali paani ambapo alikuwa akianika karanga huku anaona treni ya Kigoma ikipita. Nilipima kila kitu. Nilikula kwake ugali na mlenda. Zana ile ilikuja kuwa nzuri, ikaenda mashuleni, na mimi nikasahau, kama tunavyosahau.

Masika moja tembe ya Bibi Nyamizi ikaanguka. Haikuua mtu. Mwanawe akamchukua, akampa chumba katika nyumba yake ya tofali na bati, na ni chumba kizuri, nimekiona, kina dirisha la kioo. Sitaki mtu aseme mwana yule ni mbaya. Lakini baada ya muda nikiwa karakanani nikasikia hodi, na huyu hapa Bibi Nyamizi, ameshuka treni, ana kitenge cha safari na kiroba kizito begani. Vijana wakamkimbilia wampokee, akakataa. Akakitua kiroba mezani kwangu. Kilikuwa na udongo, udongo wa nyumba yake iliyoanguka.

"Ulichukua vipimo vya nyumba yangu," akaniambia. "Sasa nirudishie."

Mmeona mafundi wengi wakipewa kazi. Sijui kama mmewahi kuona fundi akidaiwa nyumba. Nilimwambia nitamtengenezea ndogo. Akasema hakutegemea nimtengenezee kubwa.

Nilifanya kazi ile baada ya saa za ofisi, na nilifanya vizuri. Nasema hivyo kwa tahadhari, kwa sababu siku nyingine nikiamka naona haikuwa vizuri sana. Nguzo, paa, uwanja, mlango wa mninga. Akaniagiza niweke kigoda kama chake na chungu kama chake. Nikaweka. Sisi katika zana tunaweka vyombo siku zote.

Nikampelekea mwenyewe kwa treni, nimekipakata kama mtoto mchanga, kondakta akaniuliza kama kina tiketi. Nilipofika nikauliza tukiweke kabati gani.

"Kabati la nani?" akasema Bibi Nyamizi. "La mkwe wangu? Na wewe umewahi kuona nyumba juu ya kabati?"

Akatoka nje, akaenda palepale ilipokuwa tembe, akafagia, akakiweka chini, mlango ukielekea kule kule ulikokuwa ukielekea. Mwenye nyumba ndiye anayejua kiwanja.

Habari ikafika kanisani, kwa miguu ya nani sijui, na sitamsingizia mkwe wake kwa kuwa tu alikuwa wa kwanza kulia alipokiona pale chini. Bibi Nyamizi akaambiwa amesimamishwa Meza ya Bwana, asishiriki mkate wala kikombe, mpaka baraza la wazee limsikilize, kwa sababu amejenga kijumba cha mizimu. Na mimi nikaitwa, kwa kuwa kanisa ni lilelile, na kwa kuwa mtengenezaji ni mimi.

Nieleze hapa jambo lilikuwa nini hasa, maana mjini watu hucheka. Bibi Nyamizi alikuwa mzee. Aliyetengwa hazikwi na kanisa. Hakuna mchungaji, hakuna kengele, hakuna kwaya, ni majembe tu na watu wanaotazama chini. Na makaburi ya kanisa ndiko alikolala mumewe. Asubuhi ya siku ya baraza alinipokea, akanipa uji, akaniambia polepole, siyo kwa kulalamika, "Mwanangu, kijiji hiki chote nimekizika kwa kuimba. Na mimi waje waniimbie. Kingine sina." Nikamuuliza kama haiwezekani tukakihamishia ndani tu, mambo yakaisha. Akanitazama kama mtu aliyesikia treni na kuambiwa ni upepo.

Baraza likakaa kanisani, kwenye mabenchi ya mbele. Mchungaji alikuwa kijana, mpole, aliyetamani sana kuwa mahali pengine. Mwenye maneno alikuwa Mzee Kapela, mzee wa kanisa tangu enzi, mtu mnyoofu kweli. Nasema mnyoofu na simkejeli. Aliniuliza mimi kwanza.

"Mama Mihayo, ulipotengeneza kile kitu, ulikusudia nini?"

"Nilikusudia vipimo viwe sawa, Mzee."

Mchungaji akasema kwa upole kwamba wazee wanauliza habari za moyo. Nikasema moyo wangu ulikuwa kwenye paa, kwa sababu paa la bapa ni gumu kuliko yote. Benchi la nyuma likakohoa. Mzee Kapela hakucheka.

Akaniuliza kama humo niliweka kigoda. Nikasema niliweka. Chungu? Niliweka. Akawageukia wenzake, akawaacha wafikiri. Kisha akaniuliza kama nimewahi kuona unga umewekwa mlangoni pa kijumba kile. Asubuhi ileile nilikuwa nimeuona. Nikamtazama Bibi Nyamizi. Yeye alikuwa anatazama madhabahu. Ningesema sikuona, nani angenipinga? Lakini mimi sijui kusema sikuona. Nimejaribu, sauti inanikimbia.

"Niliuona," nikasema. "Na niliona vifaranga."

"Vifaranga?"

"Vimo ndani, Mzee. Vinalala uwanjani mwake."

"Nawalisha hapo," akasema Bibi Nyamizi, akiiambia madhabahu.

Mzee Kapela akaniuliza kipi nilikiona kwanza, unga au vifaranga. Nikasema niliona vyote, na sikuweza kujua kama vifaranga vimefuata unga au unga umefuata vifaranga. Nilikuwa nasema kweli. Sijawahi kuona kweli ikimsaidia mtu kidogo namna ile. Wazee wakanung'unika kwa Kinyamwezi, na mimi nikaketi nikiwaza kwamba nimemnyima bibi wa watu kengele yake kwa kupenda haki.

Akaitwa yeye. Alisimama bila fimbo. Kabla hajaulizwa akauliza.

"Lile pango la Krismasi mnaloliweka pale chini," akasema, "lenye watu wadogo na ng'ombe, mkalipigia magoti, lile ni la nini?"

Pango lile, wanangu, hutengenezwa na mimi. Nikainamisha kichwa. Nilidhani Mzee Kapela ameshikwa. Hakushikwa. Nawaambieni alikuwa mtu makini.

"Lile tunajua ni la nani," akajibu. "Na Krismasi ikiisha linaondolewa. Cha kwako, mama, ni cha nani?"

"Changu."

"Anakaa nani?"

"Mimi."

"Wewe unalala kwa mwanao."

"Sikusema nalala," akasema Bibi Nyamizi. "Nimesema nakaa. Kule nalala. Asubuhi nikiamka natoka, nachukua kiti, nakuja kukaa kwangu. Huyo mkwe wangu ni mtu mwema, ananipikia, lakini kwake nikitaka chumvi naomba. Ninyi mmewahi kuomba chumvi nyumbani kwenu?"

Mchungaji akafungua Biblia, akaifunga. Mzee Kapela akainuka, akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Nilimwona uso, na sikuona hila. Niliona mtu anayetafuta mlango katika ukuta alioujenga mwenyewe. Akasema, wazee wenzangu, kijumba cha mizimu ni cha marehemu, hilo halina ubishi. Mwenye kijumba hiki ni huyu, na huyu si marehemu, amesimama mbele yetu na anatukaripia. Kwa hiyo kwa sasa hicho si kijumba cha mizimu. Ni nyumba ndogo ya mtu aliye hai. Arudishwe mezani. Lakini siku Bwana atakapomchukua, siku hiyo kitakuwa na mwenyewe marehemu, na kitakuwa kile tunachokikataa. Kwa hiyo akishazikwa, kiondolewe. Na huyu aliyekitengeneza aje akiondoe.

"Unakubali?" akamuuliza.

"Nikifa mniulize tena," akasema Bibi Nyamizi, na akaketi. Wakalichukua hilo kuwa ndiyo. Mimi nikakubali kwa mdomo wangu.

Akakaa kwake misimu kadhaa. Nikimpelekea sukari namkuta kwenye kiti chake, vifaranga vimekuwa kuku na kuku wana vifaranga. Siku moja nikamuuliza unga ule kweli ulikuwa wa vifaranga. Akasema, "Kwani vifaranga havikula?"

Alifariki mwaka wangu wa mwisho kazini. Nilienda. Alizikwa na kengele, na mchungaji, na kwaya mbili zilizoshindana mpaka zikakosa adabu kidogo. Kando ya mumewe. Watu walikula wakashiba. Tulipoanua matanga nikachukua boksi nililokuja nalo, boksi la sabuni lenye matambara ndani, nikaenda kiwanjani kutimiza ahadi.

Mzee Kapela alikuwepo tayari. Baraza lilimtuma ashuhudie. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kijumba, koti lake la msibani limegusa vumbi, amechungulia mlangoni kwa jicho moja. Nikamwamkia. Hakugeuka. Akaniuliza ile nguzo ya pembeni kama ndiyo ile aliyoikata mume wa marehemu. Nikasema ndiyo, nilipima. Akasema alikuwepo siku ile inakatwa, yeye ndiye aliyeshika upande wa pili wa msumeno.

Nikafungua boksi.

"Ngoja," akasema. "Baraza lilisema kiondolewe baada ya kuzika. Halikusema siku ya kuondoa."

"Mimi niliambiwa nije, Mzee. Nimekuja."

"Umekuja. Hilo umetimiza." Akainuka kwa shida, akajifuta magoti. "Mama Mihayo, tembe haibomolewi. Sijawahi kuona mtu anabomoa tembe. Inaachwa inyeshewe, inarudi udongoni polepole, na hakuna anayeudhika. Masika haya kitakuwa kimeondoka chenyewe. Nitawaambia wazee hivyo."

Ningeweza kunyamaza. Mtu mzima amenipa njia, nami niko karibu kustaafu, boksi langu jepesi. Lakini mnanijua.

"Mzee," nikasema, "ule udongo niliuchanganya na gundi ya mbao. Na paa nimelipiga vanishi, mikono mitatu. Mvua haitakiweza. Hicho kitakaa kuliko nyumba ya mwanawe."

Mzee Kapela akakitazama kijumba, akatazama mbinguni ambako hakukuwa na wingu, akakitazama tena.

"Hilo," akasema, "baraza halikuuliza."